Riwaya za Upelelezi: Tuzisome na Kuzihakiki

Mseminari mwenye riwaya ya Willy Gamba huificha chini ya godoro. Nadhani aitoe, aisome mezani, kisha aihakiki. Mkulima wa Ubaruku hatupi mpunga kwa sababu una pumba. Huukoboa na kupepeta.

Swali la kupepetea ni hili: mkosaji amebaki binadamu? Katika Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba adui huuawa, nasi wasomaji tunashangilia. Padre Brown wa G. K. Chesterton, aliyetoka kitabuni mwaka 1911, humfichua mkosaji ili atubu. Mwizi Flambeau aliishia kuwa rafiki yake.

Kesho tutaketi katika kiti cha maungamo. Tujihoji mapema: tunaposoma, tunamshangilia nani, na kwa nini?