Kipimajoto Kimewekwa Wapi?

Muuguzi anayetunza chanjo hujua kwamba namba inayosomeka kwenye kipimajoto cha jokofu ni halijoto ya mahali kipimajoto kilipo. Kikiwekwa karibu na mlango, hakisemi lolote kuhusu chupa iliyogusana na barafu kule nyuma. Uangalifu huohuo unastahili kudaiwa katika maabara zinazochunguza protini za magonjwa.

Maabara hizo hutumia sumaku kali na mawimbi ya redio, kwa kanuni ileile ya kipimo cha MRI, ila kinachopimwa ni sampuli yabisi: kwa mfano, nyuzi za protini za aina inayojikusanya katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer. Ili ishara zisomeke vema, sampuli hutiwa katika kichupa cha seramiki, kikainamishwa nyuzi 54.7 kutoka uelekeo wa sumaku, kisha kikazungushwa kwa gesi yenye shinikizo. Kichupa chenye kipenyo cha milimita 3.2 huweza kuzunguka mara 20,000 kwa sekunde. Ukuta wake hukimbia kiasi cha mita 200 katika sekunde hiyo moja. Msuguano hukipasha joto, na kasi ikiongezwa maradufu, joto hilo huongezeka takriban mara nne. Mawimbi ya redio nayo huongeza lake, hasa sampuli ikiwa na maji ya chumvi.

Ndiyo maana hupulizwa gesi baridi, tena kavu, maana unyevu ungeganda njiani. Lakini kipimajoto cha mashine hukaa katika mkondo wa gesi, si ndani ya kichupa, na sampuli huweza kuwa na joto zaidi ya gesi hiyo kwa nyuzi 20 au hata zaidi. Mtafiti anayeripoti namba ya gesi ameeleza hali ya hewa ya nje ya nyumba. Protini iliyofika nyuzi 45, huku daftari likisema 25, huenda imekwisha kukauka au kubadilika umbo, na mbunifu wa dawa atalitegemea umbo hilo bila kujua.

Njia ya kujua ipo, wala si ghali. Ishara ya bromidi ya potasiamu hubadilika kulingana na halijoto; hata maji ya sampuli yenyewe hutumika kama kipimajoto. Majarida yadai namba hiyo, pamoja na jinsi ilivyopatikana. Wapo watakaolalamika kwamba muda wa mashine ni haba. Kipimo kimoja huweza kuchukua siku kadhaa. Saa moja ya kusoma joto la ndani si nyingi.