Kicheko Kilichozika Swali

Na Mzee wa Naitiri

Wiki hii nilihudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja ya hapa Tongaren, ambayo jina lake sitalitaja, nikamwona mgeni wa heshima, bwana mmoja wa tai na miwani aliyetumwa na ofisi ya mbali, akimcheka hadharani mama mtu mzima mwenye wajukuu, na tangu saa ile ghadhabu haijanitoka kifuani.

Mama huyo, ambaye sisi wenyeji humwita Kukhu kwa taadhima ya umri wake, alisimama baada ya hotuba ndefu iliyotolewa kwa Kiingereza kitupu mbele ya wakulima wa mahindi, ambao wengi wao walikuwa wameacha palizi shambani ili waje kusikia habari za watoto wao. Na madhali mgeni alikuwa amechagua lugha hiyo, Kukhu naye, kwa adabu ya kumjibu mtu kwa lugha aliyokuja nayo, akauliza kwa Kiingereza ni lini vitabu ambavyo wazazi walivichangia muhula uliopita vitafika shuleni. Kiingereza chake kilikuwa sahihi. Kitenzi kilikuwa mahali pake, wakati ulikuwa mahali pake, na swali lenyewe lilimfikia kila mwenye masikio. Ila neno "books" lilitoka kinywani mwake likiwa "pooks". Mgeni akalirudia kwa sauti ya kuigiza, akalirudia tena, huku akiwatazama waliokaa meza kuu mpaka nao wakacheka; walimu vijana wakacheka, wanafunzi waliokuwa wakichungulia madirishani wakacheka, hata baadhi ya wazazi, Mungu awasamehe, wakacheka pamoja nao. Kukhu akaketi. Mwenyekiti akaita ajenda iliyofuata, na habari ya vitabu haikutajwa tena hadi sala ya kufungia.

Nasema waziwazi kwamba lile lilikuwa tendo la dhuluma, na aliyelitenda hana udhuru.

Wasomaji wa safu hii mnamfahamu jirani yangu wa Ndalu, mwalimu mstaafu ambaye hata akipewa salamu huichambua sarufi yake kabla ya kuiitikia. Alikuwa ameketi kando yangu, mikono ikimtetemeka, na tulipotoka alinieleza njia nzima jambo ambalo laiti mgeni yule angelijua angenyamaza: kwamba katika Lubukusu sauti nzito za b, d na g hazina desturi ya kusimama pekee, huja zikitanguliwa na m au n, kama zinavyosikika katika Mbakalo na katika hilo jina la Ndalu kwao, na zikikosa kitangulizi hicho ulimi wa mwenyeji huziendea p, t na k. Ndiyo kanuni ya lugha yetu, nayo haibadiliki kwa cheo cha msemaji. Mtoto wetu humwita babake papa, na baba huitika kwa furaha. Mtu wa London ambaye huimeza h mwanzoni mwa neno hajafukuzwa mkutanoni, wala makaburu waliofika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908, wakasema Kiingereza kwa lafudhi yao ya kusini, hawakuigizwa na vibarua wao mbele ya watoto wao. Aghalabu lafudhi inayochekwa ni ya mnyonge.

Ama huyo mgeni mwenyewe, katika hotuba yake alisema kwamba ofisi yake imeuandikia uongozi wa shule "severally", akikusudia mara nyingi, wala hakuna aliyecheka. Simlaumu kwa hilo, maana Wakenya wengi hulitumia hivyo, kortini, bungeni na magazetini, ilhali kwa Waingereza maana yake ni kila mtu kwa nafsi yake. Lakini hebu na tutazame ni lipi kati ya maneno haya mawili lenye madhara. Mkulima anayemdhamini mwenzake katika mkopo wa sacco hutia sahihi chini ya maneno "jointly and severally", na kwa kuwa amelelewa na Kiingereza chetu hudhani ameahidi kusaidiana na wenzake tena na tena, kumbe ameahidi kwamba mkopaji akishindwa na wadhamini wengine wakijificha, yeye peke yake anaweza kudaiwa deni lote, hadi senti ya mwisho. Neno hilo laweza kumwondolea mtu ng'ombe zizini. "Pooks" imemwondolea nani nini?

Wala mgeni yule hana haja ya kwenda mbali ili ajifunze jinsi Kiingereza kinavyopokewa na wenyeji. Avuke mpaka pale Lwakhakha, aingie kwa ndugu zetu Wagisu, na akikutwa akilima ataambiwa "well done" kabla ya mtu kuutazama mtaro wake, kwa sababu Waganda humsalimu mtu kwa kumshukuru kwa kazi, na desturi hiyo imehamia katika Kiingereza cha Uganda nzima. Akiketi kwenye benchi ataombwa a-"extend", yaani asogee. Bernard Sabiti aliyakusanya maneno ya namna hiyo akayatolea kamusi mwaka 2014, na mnamo Juni 2022 wenye ile kamusi kuu ya Oxford wakaingiza maneno mengi ya Afrika Mashariki, "nyama choma" na "sambaza" yakiwamo. Ikiwa Oxford wamekubali kwamba tuna Kiingereza chetu, karani wa ofisi ya serikali anapata wapi mamlaka ya kukikataa?

Chanzo cha kicheko kile nakijua, na kila aliyesoma shule za nchi hii anakijua. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ukoloni wa fikra, alisimulia jinsi mtoto aliyenaswa akisema lugha ya kwao alivyochapwa viboko au kuvishwa shingoni kibao cha chuma chenye maneno ya kumwita mjinga au punda. Vibao hivyo viliendelea kuvishwa watoto hata baada ya uhuru, na baadhi ya waliovishwa leo ndio wakuu wa idara. Mtoto aliyefunzwa hivyo kwamba ulimi wa mamake ni fedheha, akikua akapewa kipaza sauti, hutafuta shingo nyingine ya kuivisha kibao chake.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, tena imeiamuru Serikali kuzilinda na kuzikuza lugha za watu wa Kenya, Lubukusu ikiwa mojawapo. Kwa hiyo nimeiandikia kamati ya wazazi, na wengine wametia sahihi pamoja nami: mkutano wa muhula ujao uendeshwe kwa Kiswahili tangu sala ya kufungulia, na mgeni asiyekiweza aje na mkalimani wake, na ujira wa mkalimani huyo asidaiwe mzazi hata mmoja.