PCOS Haiyeyuki kwa Unga wa Kopo: Wadada wa Tarime na Serengeti Wanauziwa Hofu

Ingia Instagram jioni yoyote. Hazipiti dakika tano utamkuta staa fulani, jina kapuni, kashika kopo la unga wa mitishamba. Anaahidi unayeyusha vivimbe vya PCOS, unasafisha kizazi na mimba inaingia ndani ya mwezi. Mikoani anatuma kwa basi, iwe Tarime au Mugumu.

Shida inaanza kwenye hilo neno vivimbe. Vile viduara vinavyoonekana kwenye ultrasaundi si uvimbe wa kuyeyushwa. Ni vifuko vya mayai ambavyo havikukomaa kwa sababu homoni zimevurugika. Wengi wenye PCOS, mwili hauisikii vizuri insulini, hivyo unaitengeneza kwa wingi, nayo inaisukuma ovari itoe homoni za kiume zaidi. Ndipo hedhi inaruka miezi, chunusi zinagoma kuisha na ndevu zinaota kidevuni. Sasa unga unayeyusha nini hapo?

Biashara inalipa kwa sababu inauza hofu. Kwa Wakurya mtoto ni jambo zito mpaka kuna ndoa ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto, hasa wa kiume, anamwoa mwanamke mwenzake ili amzalie watoto wa ukoo. Binti katolewa ng'ombe, mwaka wa pili hana mimba, mawifi washaanza maneno. Huyo atanunua chochote, wakati mume hajapimwa hata mbegu.

Cha ajabu, njia ya asili ipo kweli, na madaktari wenyewe huanza nayo. Mwenye uzito mkubwa akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu, hedhi inaweza kurudi kwenye mstari. Kwa mwenye kilo 80 hizo ni kilo 4 hadi 8, wala si kujinyima mpaka azimie. Na vyakula viko Mara: ugali wa ulezi au mtama badala ya sembe, tena kiasi, dagaa wa ziwani, maharage, na mboga za majani nusu sahani. Soda ibaki ya sikukuu. Bodaboda ya kwenda sokoni ipumzike. Nusu saa ya kutembea haraka, siku 5 kwa wiki, inatosha kuanzia. Wembamba nao wanapata PCOS. Hao hawana haja ya kujikondesha, ila mlo mzuri na mazoezi vinawahusu pia.

Lakini mlo nao usigeuzwe kopo jingine. PCOS inadhibitiwa, haifutwi. Ambaye hedhi imepotea zaidi ya miezi 3 na hana mimba aende hospitali, maana hali hiyo ikiendelea kwa muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Apime na sukari, kwa sababu PCOS na kisukari ni majirani. Dawa zipo: metformini kwa tatizo la insulini, letrozoli ya kupevusha yai kwa anayetafuta mtoto. Wengi wanashika mimba.

Staa akimaliza makopo anafuta posti, anahamia kwenye mawigi. Binti wa Nyamongo anabaki na mwaka uliopotea na jina la tasa ambalo hakuna daktari aliyempa.

Wadau wa Mara, kwa nini hela ya kopo isianzie kwenye vipimo, vya mke na mume? Shusha maoni yako.