Elimu Haipimwi kwa Hesabu

Wahenga walinena: ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Hans Eysenck wa London alipofariki mwaka 1997, alikuwa mwanasaikolojia aliyenukuliwa na majarida ya kitaalamu kuliko wenziwe wote waliokuwa hai. Tangu 1992 madaktari wawili walikwisha kuzitilia shaka tafiti zake zilizohusisha tabia ya mtu na saratani. Lakini mpaka 2019 ndipo King's College London ilipoamua kuwa makala 26 alizoandika na mwenzake si za kutegemewa. Miaka 27 imepotea, na wagonjwa ndio wenye hasara. Hivyo, ndugu mliokabidhiwa dhamana ya kuwapandisha vyeo wataalamu, hamna budi kuzisoma kazi zao. Kuhesabu peke yake si kupima.