Bei ya sura imekufa, na simu ndiyo imeiua

Wafanyabiashara wenzangu, leo sina mbinu tano za kuongeza mauzo. Nina jambo moja tu, tena linaniaibisha mimi mwenyewe.

Nauza vyombo vya nyumbani Morogoro, mitaa ya karibu na soko la Chifu Kingalu. Masufuria, hotpoti, chupa za chai, mabeseni. Fremu moja, mimi na kijana wa kunisaidia. Mzigo nachukua Kariakoo, unakuja kwa gari tunalochangia watu wanne.

Kwa miaka mingi niliuza kwa bei ya sura. Mnajua ninachosema, tusidanganyane. Mteja akiingia unamwangalia viatu, unaangalia mkoba, unasikiliza anavyosalimia. Kabla hajauliza bei, kichwani umeshampangia. Huyu wa 55, huyu wa 60, huyu mwenye gari nje wa 70. Sikuona kama ni wizi. Aliyenifundisha kazi alinifundisha hivyo hivyo: anayejua kuomba apunguziwe, asiyejua alipe.

Novemba 2023 alikuja mteja wangu wa siku nyingi, mwalimu wa shule ya msingi kule Kihonda. Huyu mama hana makuu. Unamwamkia shikamoo, anaitikia, anachagua chombo, anauliza "kiasi gani mdogo wangu?", ukimtajia anatoa hela. Hajawahi kuomba nimpunguzie hata mia. Siku hiyo alichukua seti ya hotpoti, nikamwambia 65,000. Akalipa, akashukuru, akaondoka.

Kesho yake jioni akarudi. Hakuja na kelele, bora hata angekuja nazo. Alitoa simu akanionyesha grupu la kikoba chao. Alikuwa ameweka picha ya zile hotpoti kuwaonyesha wenzake na bei aliyonunulia. Chini yake mwenzake kaandika: "Nzuri sana shoga, mimi nimechukua hapo hapo wiki iliyopita kwa 55." Mwingine kaweka picha aliyotumiwa na mdogo wake aliyeko Kariakoo, seti ile ile, maua yale yale, 45,000.

Akaniambia, "Mdogo wangu, mimi nimekukosea nini?"

Hapo ningeweza kumrudishia elfu kumi yake na kumwomba radhi. Badala yake nikatoa jibu ambalo mpaka leo likinijia usiku nageuka upande wa pili. Nilimwambia, "Mwalimu, biashara ni maelewano. Bei ulikubali mwenyewe." Akasema "sawa", akarudisha simu kwenye mkoba, akatoka.

Kikoba chao kina akina mama 22. Kila Desemba wanavunja, na kila Desemba vyombo walikuwa wananunua kwangu. Mwaka ule waliagiza Kariakoo kwa pamoja, mzigo ukashushwa Msamvu, wakagawana wenyewe. Mimi nilishachukua seti 30 kwa mali kauli nikiwategemea wao. Zikanidodea. Januari kodi ya fremu ya miezi sita ikafika, mwenye mzigo naye anapiga simu asubuhi na jioni. Nikalipa kodi kwa hela niliyoiweka kwa ajili ya shule ya mwanangu wa kwanza. Mtoto akachelewa kuripoti wiki mbili, akawa anakaa na mimi dukani, ananisaidia kufuta vumbi kwenye hotpoti zilezile.

Sasa ngoja niseme nilichojifunza, maana nililipia.

M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, wengi wetu tulidhani simu imekuja kubadilisha namna ya kulipa tu. Tukabandika namba ukutani tukaona tumeenda na wakati. Kumbe kikubwa zaidi kilikuwa kinakuja nyuma yake, nacho ni namna mteja anavyojua bei. Zamani kujua bei kulikuwa na gharama, na gharama yenyewe ni miguu. Mama azunguke maduka matatu juani na mtoto mgongoni, la nne akifika kachoka, bei yoyote utakayomtajia atalipa. Tulikuwa tunakula pale pale kwenye uchovu wake. Nasema "tulikuwa" kwa wale walioacha.

Angalia mteja wa leo. Saa nne usiku yuko kitandani anapitia status za watu watano wanaouza kitu kimoja. Akija dukani anapiga picha, anaituma kwa dada yake, anasubiri jibu akiwa amesimama mbele yako. Wengine wanapiga kabisa simu ya video, unashtukia unamsalimia shemeji yake aliyeko Mbagala. Na usijidanganye kwamba mwenye kitochi hajui. Mwenye kitochi ana mtoto mwenye simu ya tachi, au jirani, au binti wa saluni. Bei inamfikia tu.

Maana yake uamuzi umehama. Zamani mteja alikuwa anaamua mbele ya kaunta, huku wewe unaongea. Siku hizi anakuja ameshaamua, kaunta anakuja kuthibitisha kama unachosema kinafanana na alichokiona. Kikitofautiana, hapo ndipo unapompoteza, na mara nyingi hatakwambia. Mwalimu yule angalau alirudi kuniuliza.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Kusini mwa India kuna jimbo linaitwa Kerala, lina wavuvi wengi wa samaki wadogo wa jamii ya dagaa (huku pwani tuna dagaa mwingine anaitwa simu, lakini hiyo ni habari nyingine). Kabla ya simu za mkononi, mvuvi alikuwa anarudi ufukwe wake wa siku zote. Akikuta samaki wamejaa na wanunuzi wameondoka, anamwaga baharini. Na siku hiyo hiyo, kilometa chache mbele, kuna ufukwe wanunuzi wamesimama na ndoo tupu. Simu zikaanza kuingia huko mwaka 1997, minara ikajengwa karibu na pwani kiasi kwamba mawimbi yalifika kilometa 20 hadi 25 ndani ya bahari. Wavuvi wakawa wanapiga simu wakiwa bado majini, kuuliza wapi pana bei. Mtafiti mmoja, Robert Jensen, alifuatilia masoko hayo mpaka 2001, akachapisha matokeo mwaka 2007. Faida ya wavuvi ilipanda kwa asilimia 8, bei kwa walaji ikashuka kwa asilimia 4, na kumwaga samaki kukakoma.

Mimi nikisoma hii habari sioni wavuvi peke yao. Najiona mimi. Tofauti ya bei iliyotokana na watu kutojua iliisha. Iliyobaki kati ya ufukwe na ufukwe ni gharama ya kusafiri tu. Na ndicho kinachotukuta Morogoro na Kariakoo. Hasa sasa, maana tangu Juni 2024 treni ya umeme ya SGR inabeba abiria kutoka Dar mpaka hapa, mtu anaondoka asubuhi na jioni yupo nyumbani na sufuria yake.

Kwa hiyo nikakaa chini na daftari. Ile seti ya hotpoti nainunua 41,000 kwa jumla, usafiri 1,500, hapo ni 42,500. Weka kodi, umeme, kijana, vinavyovunjika njiani. Nikaona nikiuza 52,000 naishi. Nikaandika 52,000 kwa kalamu ya wino mzito, nikabandika. Kila chombo dukani kikapata karatasi yake. Kwenye status, picha na bei pamoja.

Sitawadanganya kwamba siku ya pili watu walipanga foleni. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa migumu. Faida kwa kipande ilishuka, na kuna wateja waliochukia. Kuna mzee mmoja, mteja mzuri, aliona nimemdharau. "Yaani hatuongei tena, unanionyesha karatasi?" Nilimwelewa. Kwetu kupatana bei ni mazungumzo, ni kuulizana hali. Tukaelewana hivi: bei haishuki kwa mtu yeyote, lakini nyongeza ipo. Akichukua seti anaondoka na upawa au vikombe viwili, na maneno tunaongea vilevile. Hilo limefanya kazi kuliko nilivyotegemea, kwa sababu nyongeza hata akiiweka kwenye grupu hainiumbui.

Akija anayesema "Kariakoo 45", simbishii tena. Namwambia ni kweli. Halafu namwambia: hii ukifika nyumbani ukakuta mfuniko haufungi, unanirudishia kesho nakubadilishia, ile ya Kariakoo utamrudishia nani? Wengi wanabaki. Wachache wanaagiza, na wana haki. Ila kikoba kizima kikitaka seti 20 kwa pamoja, hapo simu imewapa nguvu ambayo mimi peke yangu siwezi kushindana nayo kwa 52,000. Kwa hiyo vikundi nawapa 48,000 kuanzia seti kumi, na nimeiandika ukutani. Yeyote akiuliza kwa nini wao 48, jibu liko hapo hapo kwenye karatasi.

Kuna jingine dogo ambalo ni mwendelezo wa ugonjwa huo huo. Unamtajia mteja 52,000, anasema hela iko kwenye simu, unamwambia "weka na ya kutolea". Kwake hiyo ni bei ya pili uliyomficha. Mnakumbuka Julai 2021 tozo za miamala zilivyoanza, watu walivyorudi kulipa keshi, mpaka serikali ikazipunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo. Mteja anaipiga hesabu ile hela ndogo kuliko tunavyofikiri. Mimi nimechukua lipa namba, makato yangu nimeshayaingiza kwenye bei, sitaji tena habari ya kutolea. Na ukilipwa kwa simu, angalia salio lako mwenyewe kabla ya kuachia mzigo. Meseji ya kuonyeshwa kwenye simu ya mteja, au iliyoingia kutoka namba usiyoielewa, hiyo usiitoe dukani na sufuria.

Najua mtakachosema kwenye maoni. "Nikiweka bei, washindani wataiona." Kwani sasa hawaioni? Jirani yangu alikuwa anamtuma mtoto wa dada yake kuja kuniuliza bei, na mimi nilikuwa namtuma kijana wangu kwake. Tunajuana bei zote mtaa mzima. Aliyekuwa hajui ni mteja peke yake.

Wengine mnasema "bei njoo inbox" inaleta watu kuongea. Inawaleta, ndiyo. Nimefanya hivyo kwa mwaka mzima, najua. Wanauliza "bei?", unawajibu baada ya saa mbili kwa sababu dukani kuna watu, wao wameshanunua kwa aliyeandika. Halafu mtu akiona unaficha bei, anajiuliza moja kwa moja: ananipimia nini huyu? Picha yangu ya profaili? Na kusema ukweli, mimi nilikuwa naiangalia hiyo picha ya profaili.

Kuna biashara ambazo bei haiwezi kuandikwa, hilo nalikubali. Fundi cherehani, fundi wa aluminiamu, mpishi wa shughuli, hao mpaka wajue kazi. Lakini hata wao wanaweza kuandika "kuanzia". Sisi wa hotpoti na viatu na vipodozi hatuna kisingizio.

Leo hii mauzo yangu kwa mwezi yamerudi pale yalipokuwa kabla ya ile Novemba, kwa vipande vingi zaidi na faida ndogo zaidi kwa kila kipande. Mwanangu hajachelewa shule tena. Seti tatu za zile 30 bado ziko juu kabisa ya rafu, maua yamepauka, nimeandika 40,000 na hakuna anayezitaka.

Mwalimu nilimfuata Kihonda mwenyewe, Machi ile, na elfu kumi kwenye bahasha. Aliipokea, akanipa chai, tukaongea habari za wanafunzi. Kununua hakununua. Ila kila nikiweka status, nikiangalia walioiona, jina lake lipo. Wiki iliyopita akaandika kwa mara ya kwanza: "Mdogo wangu, mfuniko wa chupa ya chai unauzwa peke yake?" Nikamjibu upo, 3,500, sawa na uliobandikwa dukani. Akasema Jumamosi atamtuma mjukuu.

Wewe kwako unaandika bei au bado unaangalia viatu? Niambie hapo chini, na utaje unauza nini.