Binti Mwanasheria na Mlango wa Kadhi

Binti zetu wasomeao sheria hukimbilia mafunzo ya kazi katika ofisi kubwa za mawakili, hata wale ambao nyoyo zao zimo katika ndoa na mirathi. Tunawanasihi wapige hodi Mahakama ya Kadhi, iliyokabidhiwa mambo hayo na Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Chuoni watasoma kwamba mjane hurithi thumni mume akiacha mtoto, na robo asipoacha. Mahakamani watamwona akiidai mbele ya mashemeji. Wapeleke barua ya chuo masijalani mapema. Nafasi ikikosekana, waombe kuandamana na wakili wa kesi hizo. Nasi tusiidharau kazi hiyo: huenda mjane wa kesho akawa mmoja wetu.