Mpunga wa Porini Nao ni Amana

 

Ndugu Waislamu, katika aya ya 4 ya Suratu Ra'd, Mola wetu anatuita tutazame vipande vya ardhi vilivyopakana na mimea inyweshwayo maji ya namna moja, kisha tuone jinsi mazao yake yanavyopitana kwa ubora. Hatusemi kwamba aya hiyo ni somo la elimu ya jeni. Tunasema kwamba tumeitwa kutazama, na wengi wetu tunapita tu.

Tuchukue mfano wa mpunga, ambao nao ni katika jamii ya nyasi. Katika miaka ya 1970, ugonjwa wa virusi unaodumaza mpunga, unaoenezwa na mdudu mdogo wa kahawia afyonzaye utomvu, uliharibu mashamba mengi ya Asia, Indonesia ikiwamo. Wataalamu wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, iliyoko Los Baños nchini Ufilipino, walikuwa wamepima sampuli zaidi ya 6,000. Kinga waliyoitafuta waliipata katika sampuli moja tu: mpunga wa porini uitwao Oryza nivara, kutoka Uttar Pradesh, India. Punje zake hupukutika kabla ya kuvunwa, na mkulima huuhesabu kuwa gugu. Lakini ulipozalishwa na mpunga wa shambani, kinga yake ilirithiwa na mbegu mpya, miongoni mwake IR36 iliyotolewa mwaka 1976 na kulimwa katika mamilioni ya hekta.

Mpunga wa jina hilo hilo uliotoka mahali pengine haukuwa na kinga hiyo. Nyasi za porini hazipandwi na mtu. Ukame, mafuriko, chumvi na maradhi ya kila mahali huzichuja kizazi baada ya kizazi, nazo hurithishana kilichoziokoa. Basi anayesema "nyasi ni nyasi tu, zikiisha hapa zipo kule" amekosea. Kilichopo hapa huenda hakipo kule.

Afrika nayo ina hazina yake. Oryza longistaminata kutoka Mali uliwapa wataalamu kinga dhidi ya ugonjwa wa bakteria unaokausha majani ya mpunga. Mpunga huo wa porini huota pia katika mabonde ya Tanzania, nasi twaupiga moto na kufukia vinamasi vyake.

Hatumkatazi mkulima kupalilia shamba lake. Lakini Mtume (S.A.W.) aliitenga Naqi', karibu na Madina, iwe hima, malisho yaliyohifadhiwa kwa manufaa ya Waislamu. Tunaziusia familia na misikiti yenye ardhi mabondeni ziifuate njia hiyo: ibakizwe sehemu isiyochomwa wala kulimwa, na ikiwezekana iwekwe wakfu. Benki za mbegu zina faida kubwa, ila mbegu iliyomo ghalani haichujwi na jua wala maji ya mahali ilikotoka.

Wajukuu wetu watakula wali. Tusiwamalizie kinga ambayo sisi hatukuiumba.